Nilivyokwenda Iringa Nikitazama Mbeya

Wenzangu wa Tukuyu, salamu nimezipata. Mama Sekela kauliza, Mama Ambakisye kauliza, mpaka mke wa mzee wa kanisa, ambaye hajawahi hata siku moja kuniuliza kama nimekula, naye kauliza: ni kweli nilipita barabara kuu nimefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani? Ni kweli. Tulieni niwaambie mwenyewe, maana hiyo habari imepita midomo mingi na kila mdomo umetia chumvi yake.

Mimi kalamu sijaishika. Anayeandika ni Zainabu, mke wa mjukuu wangu Shabani, kasoma Iringa mpaka darasa la nne. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengeneze.

Mwanjelwa mpaka Chimala

Shabani mnamjua, mtoto wa marehemu Bupe wangu, yule aliyeolewa na mfanyabiashara Mwislamu. Sasa ni fundi pikipiki hapa Mwanjelwa. Pikipiki ikikohoa Tunduma, ikikohoa Chunya, inaletwa kwake. Wenye pikipiki waliposikia fundi wao anaoa Iringa, walisema hawezi kwenda na basi kama gunia la vitunguu. Watampeleka wao.

Mimi nilikuwa niende na basi. Nilikuwa na kazi moja tu, mkaja. Mkaja ni ile nguo anayopewa mama wa bibi harusi, kumshukuru kwa kubeba mimba na kufunga tumbo. Anayeitoa ni mama wa bwana harusi. Bupe yuko kaburini, kwa hiyo mkono uliobaki ni wangu. Na bibi yake Zainabu, Bibi Chausiku wa Mlandege huko Iringa, alikuwa ametuma neno. Anaongea polepole, kila neno kama anaokota mchele kwenye ungo: "Mtoto wetu hachukuliwi na kundi la wanaume. Aje mwanamke wa upande wa mama yake kijana, alete mkaja kwa mkono wake, Ijumaa, kabla watu hawajatoka msikitini. Akikosekana, yule fundi cherehani aliyemposa naye bado yupo, na mama yake ni mzima."

Basi halikuja. Lilikufa huko Tunduma. Alhamisi alfajiri Shabani akaja kunichukua nyumbani, akasema, "Bibi, utapanda pikipiki." Nikamwambia mimi hata baiskeli niliikataa babu yake alipokuwa kijana na ana meno yote.

Lakini nilipofika pale walipokusanyika, kinywa kilifunga. Mimi nimeishi. Niliona ile vita ya kwanza ikipita kwetu, niliona nzige wakiziba jua. Sijaona kitu kama asubuhi ile. Pikipiki arobaini na moja zimepangwa mistari miwili, taa zinawaka kwenye ukungu, na watu wamejifunika miwani na vitambaa, huwezi kusema huyu ni karani na huyu ni muuza ng'ombe. Zilipowashwa pamoja niliisikia ardhi inapanda miguuni mpaka kifuani. Mzee mmoja Msafwa alitoka kwake, akatazama, akarudi ndani kufungia kuku, kisha akajifungia na yeye.

Mkubwa wao ni Sajini, Mngoni aliyepigana Burma. Huyo hata akiomba chumvi anaamrisha. "Bibi. Kaa chini. Usitoe mkono nje." Pikipiki yake ina kigari cha pembeni kama kapu. Akaniweka humo na mkaja wangu mapajani, mimi kama yai.

Tuliteremka Usangu jua likitoka. Watoto wanakimbia pembeni mpaka wanaanguka. Nikageuza shingo mara moja, nikaona mstari wote unakuja, vumbi limesimama nyuma yetu refu kuliko mlima, limegeuka rangi ya dhahabu. Nikasema, Bupe mwanangu, ungeona.

Karibu na Chimala kigari kikakatika. Sajini akaendelea na safari ya Iringa, mimi nikaendelea na shamba la mpunga. Tulikuwa tumeagana bila kuambiana. Bahati mpunga ulishavunwa, nikapokelewa na majani. Sajini alikwenda mbali akiniongelesha kabla hajajua anaongea na hewa. Alirudi amebadilika rangi. Nikamwuliza kama Burma walikuwa wanaacha watu hivyo.

Chimala mpaka Igawa

Sasa nipande wapi? Pikipiki nyingi hazina kiti cha nyuma, zina keria ya chuma, na juu yake mchele, ngoma, masufuria. Moja tu ina kiti kizuri, ya bwana ng'ombe mmoja, mtu wa serikali anayechoma ng'ombe sindano. Sanduku lake la dawa likahamishiwa kwa mwingine, nikapanda mimi.

Huyo mtu mpole. Uso wote kofia, miwani na kitambaa, umejaa vumbi kama gunia la unga. Nikamshika kiuno kwa mikono miwili. Na mdomo wangu mnaujua. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona mbavu nazihesabu? Mkeo anapika au anatazama sufuria?" Nikausikia mgongo wake unacheka. Nikampiga kofi la bega, nikamwambia akirudi safari amtandike mke kwa kijiko. Hayo yote niliyasema. Yakumbukeni, tutayarudia.

Kijiji kimoja mbele ya Chimala tulikuta wanaume wanatimka vichakani. Wengine, wazee wasioweza kukimbia, wamesimama mstari, kila mmoja ameinua tikiti yake ya kodi juu kama anaionyesha mbinguni. Waliona pikipiki arobaini, wakasema leo serikali imekuja yote. Sajini akawaeleza ni harusi. Hawakuamini. Mzee mmoja, sauti nyembamba kama ya mbuzi, akawa anasema, "Harusi, sawa bwana, harusi, lakini mimi nimelipa." Wanawake ndio walioniona mimi, wakasema serikali haitembei na bibi kizee. Wakapika wali wa Usangu na kambale, tukala mpaka mikanda ikalegea. Bwana ng'ombe akaniletea kipande cha samaki kwenye jani la mgomba. Nikakipokea mkononi mwake. Na hilo likumbukeni.

Igawa, nyuma ya kihenge

Igawa tulisimama kunawa mtoni. Nimekaa juu ya jiwe, yule bwana ng'ombe ameinama majini ananipa mgongo, anavua kitambaa. Akaniuliza kwa Kinyakyusa, kwa adabu, "Mama, nasikia wewe ni wa kwetu. Nani mumeo?"

Nikamwambia mume wangu ni marehemu Anyosisye, wa Masoko.

Kikombe cha bati kikamtoka, kikaenda na maji. Akasema bila kugeuka, taratibu, "Anyosisye ni mtoto wa kaka yangu."

Nyie wa kwetu najua mmeshashika midomo. Kwa wale mtakaosomewa na hamkuzaliwa kwetu: mwanamke wa Kinyakyusa akiolewa, baba wa mume wake hamtazami. Akisikia anakuja, anaingia migombani. Hamgusi, jina lake halitaji, chakula hakipokei mkononi mwake. Na si huyo mmoja tu, ndugu zake wote wa kiume ni wakwe zako, hata aliyezaliwa jana. Sasa babu wa mume wangu alioa mke kijana wakati yeye anatembelea mkongojo, wakapata kitoto cha kiume. Kitoto kikaenda shule mbali, kikapewa kazi mbali. Kila kilipokuja likizo mimi nilikuwa migombani, ningemjuaje uso? Ndiye huyo. Umri wa mwanangu, na ni mkwe wangu kamili. Nimemshika kiuno toka Chimala. Nimemhesabu mbavu.

Nilijifunika shuka kichwani nikakimbia. Mbio zile sijazikimbia tangu nivunje ungo. Nikakaa nyuma ya kihenge cha mahindi cha mtu nisiyemjua. Waliniona wakadhani nyuki, nao wakakimbia, pikipiki arobaini hazina mtu.

Sajini ndiye aliyenifuata. "Bibi. Umeumwa na nini?"

Nikamwambia afadhali ningeumwa. Nikamweleza. Kwao Songea hawana mambo hayo, akafikiri kidogo, akatoa amri mtu na mkwe wake wapande, wakati wa vita hakuna mkwe. Nikamwambia hii si vita, ni harusi, na tulivyofundishwa sisi, anayevunja mwiko huu uzazi wa nyumba yake unakauka. Yaliyopita nimefanya sijui. Sasa najua. Nikipanda tena nitakuwa nampelekea Shabani mke na utasa kwa pamoja.

Katekista mmoja wa msafara akasema atanichukua yeye kwenye keria. Huyo hata maneno ya kawaida anayaimba: "Mama, tumwamini Bwanaaa." Tukamwamini. Tulikwenda kama kutoka kwangu mpaka kisimani, nikawa chini barabarani naangalia mawingu. Bwana tulimwamini, keria ndiyo ilituangusha. Nyonga hii mpaka leo inanikumbusha.

Nikarudi kihengeni nachechemea. Mwingine aendeshe ile pikipiki yenye kiti? Haiwezekani, ni ya serikali, imeandikwa kwa mtu mmoja, akiigusa mwingine yule anapoteza kazi. Kusubiri lori? Hakuna aliyejua la lini. Jua limeanza kuteremka, na Ijumaa ni kesho.

Mkwe wangu alikuwa upande wa pili wa kihenge, hatua kumi. Ananisikia, namsikia. Lakini tulipitisha maneno kwa Sajini, anazunguka huku na huku kama ng'ombe wa kinu cha kukamua mafuta.

Akaja na neno la kwanza: "Anasema anaogopa kama wewe. Anasema amesoma, amechoma sindano ng'ombe wa nchi nzima, lakini mama yake alimfundisha. Yuko tayari kugeuza arudi Mbeya, usimwone. Ila akirudi yeye, kiti nacho kinarudi."

Niliufungua mkaja nikautazama. Shabani amekaa mbali kidogo, ameshika kichwa, hanisihi. Hilo ndilo lililoniuma. Angenisihi ningemfokea. Nikamfikiria Bupe, alivyokufa Shabani hajaota hata magego, akaniambia, mama, nisimamie. Sasa nimsimamie vipi nimekaa nyuma ya mahindi?

Ndipo macho yakaangukia lile sanduku la dawa. Kubwa, la mbao, refu kama mtoto wa miaka saba.

Nikamwambia Sajini, "Kamwulize. Uso wake nimekatazwa. Mkono wake nimekatazwa. Kuna aliyewahi kutukataza mgongo?"

Sajini akaenda. Akarudi. "Anasema mama yake hakusema habari ya mgongo."

Basi ndivyo tulivyofanya. Sanduku likasimamishwa katikati ya kiti kama ukuta. Yeye mbele anatazama Iringa. Mimi nyuma, nimeliegemea, natazama Mbeya, nimefungwa kamba kiunoni na kifuani nisiteleze. Hiyo ndiyo kamba mliyoisikia.

Makambako na baridi yake

Sasa nitawaambia kitu ambacho hao wengine wote hawakukiona, maana walikuwa wanatazama mbele.

Mtu anayetazama mbele anaona barabara tu. Mimi niliona nchi nzima inafunguka. Tunapanda kutoka Igawa, na Usangu unateremka chini yangu, mpana, wa njano, na mito inang'aa kama nyuzi, na huko mwisho milima ya kwetu imekaa ya buluu, inazidi kuwa midogo bila kuondoka. Na katikati, pikipiki zote zinanitazama mimi. Zinapanda kona zikiyumba pamoja, kushoto, kulia, kama ndege wanaohama. Sikujua kwamba watu wa dunia hii wanaweza kuwa wazuri hivyo. Na mimi ndiye wa mbele yao, nimeketi kama chifu, mbele bila kuona ninakokwenda.

Tuliweka mpango. Nikitaka kusimama nainua mwavuli wangu, katekista ananiona, anakimbiza pikipiki yake mbele anamwambia mkwe wangu. Mara ya kwanza niliinua kwa ajili ya jua, msafara wote ukasimama.

Makambako baridi ilitupokea kwa makofi. Wabena wema walituweka, wakatupa viazi na maharage na uji wa ulezi. Mkwe wangu alilala nyumba ya mwisho kabisa ya kijiji, mwenyewe alichagua, nisimkanyagie njia.

Mafinga mpaka Mlandege

Ijumaa tuliondoka nyota bado zipo. Mafinga ukungu ulikuwa mzito, naona taa tu, arobaini, zinaelea kwenye maziwa, hazina pikipiki wala watu. Hata katekista hakuimba.

Karibu na Ifunda gurudumu la mkwe wangu likatoboka. Shabani, bwana harusi, amevaa kanzu, akapiga magoti vumbini kuziba. Mimi sikufunguliwa, wanne waliinua pikipiki na mimi juu yake. Nikasikia watu wanaulizana saa. Nikasema moyoni, fundi cherehani sasa anapiga pasi suruali. Zainabu anakataa kuandika hilo, anasema hakuwa mbaya. Andika.

Mlima wa kuingia Iringa niliupanda kinyumenyume, mto chini yangu, roho mkononi. Nikajua tumefika Mlandege kwa sababu pikipiki za nyuma zilianza kuzima moja moja. Mkwe wangu alishuka akaondoka bila kugeuka. Mimi nimebaki nimefungwa, nawapa mgongo wakwe zangu wapya.

Bibi Chausiku akazunguka na fimbo yake mpaka mbele ya uso wangu. Akanitazama, mweupe wa vumbi, kamba mbili. Akanisalimu polepole kwa Kihehe, "Kamwene. Huko kwenu, mama wa mume huja kinyumenyume?"

Msikitini walikuwa hawajatoka. Ningeweza kumweleza habari ya mkwe, lakini ingetuchukua mpaka alasiri. Nikamwambia, "Ndiyo. Kwetu anayekuja kuchukua mtoto wa watu haji amekodoa macho mbele kama mwizi wa kuku. Anakuja akitazama alikotoka, asisahau kwamba na huyo mtoto ana alikotoka."

Bibi Chausiku akaiweka fimbo chini. Akaanza kunifungua kamba yeye mwenyewe. Nikautoa mkaja nikampa mama yake Zainabu kwa mkono wangu, nikasema, "Huu ni wa Bupe." Tukalia wanawake wote, na wanaume wakajifanya wanakagua matairi.

Kurudi

Harusi sitawasimulia, mmekula harusi nyingi. Jumapili tunaondoka, Shabani ameshafunga kiti kwenye pikipiki yake. Zainabu anataka kupanda, Bibi Chausiku akainua fimbo. "Hapana. Na yeye atazame alikotoka. Si ndiyo desturi yao?"

Shabani akanitazama. Nikaangalia viatu vyangu.

Basi tuliondoka Iringa wawili, sambamba, mimi na bibi harusi, migongo mbele, nyuso nyuma. Yeye kaegemea godoro lake, mimi sanduku langu la dawa. Mama yake alisimama ukingoni mwa mlima akipunga ule mkaja. Tukashuka tukavuka mto, tukapanda ng'ambo, na mji bado uko juu ya kilima chake, na ile nguo bado inaonekana, kama kiganja, kama jani, kama punje. Wanaharusi wote niliowaona maishani walichukuliwa kama mwizi, kichwa chini, kwao kumekatika kwenye kona ya kwanza. Huyu alipaangalia kwao mpaka pakaisha penyewe. Akafuta macho, akanitazama, akasema, "Asante, bibi, kwa desturi hii."

Uongo niliousema Mlandege ulikuwa umenitangulia njiani ukageuka kweli.

Mkwe wangu alituacha Uyole bila kuaga, kama inavyotakiwa. Wiki mbili baadaye Sajini akaja kwangu anavuta mbuzi jike. Akasimama wima. "Bibi. Mkwe wako kakutumia huyu. Anakufungua. Anasema asante kwa kumlindia mgongo." Kwetu mkwe akitoa mnyama, mwiko unalegea; sasa naruhusiwa kumsalimu kwa mbali. Bado naona haya, zile mbavu nilizihesabu. Mbuzi nimemwita Sanduku.

Na ule uzazi, mtauliza, ulikauka? Zainabu hapa ameweka kalamu chini, amefunika uso kwa kanga. Nimemwambia andika, hao ni wenzangu: wiki ya tatu hii hataki harufu ya vitunguu, na anakula udongo wa kichuguu akidhani simwoni.

Ameandika.